Sabwufa Iliyokuwa Ikinyamaza Ishiara

Nianze na jambo ambalo fundi mwingine angeliweka mwisho kwa kujifanya mnyenyekevu: kuanzia mtaa wa Majimbo hapa Embu hadi Ishiara, na ukipenda panda mpaka Meru mjini, hakuna mtu aliyefunga sabwufa nyingi ambazo bado zinalia kuliko mimi. Sisemi zilizowahi kulia. Hizo ni nyingi, na nyingine zililia siku moja tu, siku mteja alipokuja kuchukua gari lake. Nasema ambazo bado zinalia. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na mgongo unaouma, masikio ambayo bado yanasikia, na diploma yangu ya umeme ikiwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu niliyoitengeneza mwenyewe.

Ninyi vijana wa yadi yetu ya magari mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Huenda mlitarajia habari za faida na wateja wakubwa. Hayo sitayagusa. Nitaandika kuhusu waya, kuhusu aliyenifundisha waya, na zaidi ya yote kuhusu gari la matangazo la Ireri, ambalo nusura linirudishe Kiirua kulima viazi. Najua kila mmoja wenu ana namna yake ya kuisimulia hadithi hiyo, na hakuna hata mmoja anayeisimulia sawasawa, kwa sababu wengi wenu hamkuwepo na waliokuwepo walikuwa wakicheka.

Nilizaliwa Kiirua, kule Meru, mahali ambapo asubuhi unavaa makoti mawili kwenda kukamua ng'ombe. Sikuwa na mjomba ofisini wala mtu wa kunishika mkono. Karo ya chuo niliitoa kwenye viazi nilivyopanda mwenyewe kwenye kipande cha shamba cha jirani, na nilipomaliza diploma nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kujua kwa nini balbu huwaka. Wengine walijua tu kuiwasha. Baadaye nikaenda nchi za Ghuba, nikaajiriwa katika duka la kupamba magari: vioo vyeusi, taa, redio, na muziki wa kutikisa milango.

Siku ya kwanza nilipewa gari na amplifaya, nikaambiwa nifunge sabwufa kwenye buti. Mimi nikaomba karatasi. Nilichora mchoro mzima wa nyaya, kuanzia betri hadi spika, na thamani za fyuzi nikaziandika pembeni. Fundi mkuu, mzee tuliyemwita Ustadhi, aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Kisha akautundika ukutani, na ulikuwa bado hapo siku niliyoondoka. Yeye alikuwa na mikono. Mimi nilikuwa na sababu. Tulifaana. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kukokotoa unene wa waya badala ya kukisia, naye akanionyesha jinsi ya kubana kichwa cha waya kwa koleo hadi ukivuta kwa nguvu zako zote, unachanika mkono lakini waya hautoki.

Ustadhi alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliiona ya ajabu. Hakupenda gari lililooshwa. Mteja akileta gari linalong'aa, Ustadhi alikunja uso kana kwamba ametukanwa. Alisema watu huosha gari kabla ya kulipeleka kwa fundi, kama vile mtu anavyooga kabla ya kwenda kwa daktari, na kwa kufanya hivyo hufuta dalili zote za ugonjwa. Gari chafu lilimfurahisha. Alilizunguka akinusa, akiokota vitu sakafuni, na mara nyingi alijua tatizo kabla ya kufungua boneti.

Niliporudi nyumbani nilikuja na sanduku la chuma lenye koleo la kubania, mita nzuri ya kupimia umeme, na waya mnene wa shaba halisi, si hizi nyaya zenu za siku hizi ambazo ukizimenya unakuta ndani ni nyembamba kama uzi na nje ni plastiki tupu. Mke wangu Wawira ni mwalimu, kwao ni Embu, na alikuwa akifundisha hapa. Kwa hiyo Embu ndiko nilikotua. Nyaga, makanika mkuu na mwenyekiti wa yadi, alinipa kibanda cha mwisho, karibu na mtaro. Nikaandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu jina langu lote na chini yake neno DIPLOMA kwa herufi kubwa kuliko jina. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita jina nililobatizwa. Nilikuwa Diploma, na nilipokuwa sipo nilikuwa yule Mmeru.

Sasa kazi yenyewe, kwa ufupi, kwa sababu bado kuna watu pale yadi wanaofunga sabwufa kama wanaofunga mbuzi. Kwanza toa waya wa hasi kwenye betri kabla hujagusa chochote. Waya mkuu wa umeme wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri hiyo, si karibu na amplifaya. Fyuzi haipo kwa ajili ya amplifaya. Ipo ili waya ukikatika njiani na kugusa bodi, gari lisiungue. Waya huo upite upande mmoja wa gari, na nyaya nyembamba za sauti kutoka kwenye redio zipite upande wa pili. Ukizipitisha pamoja utasikia injini ikiimba ndani ya spika. Mwalimu mmoja wa Majimbo aliniletea gari lililokuwa likipiga mluzi kila akikanyaga mafuta. Aliyelifunga alikuwa amemwambia kwamba mluzi huo ni dalili ya injini yenye nguvu, na mwalimu wa watu aliamini, hata akawa anajivunia. Halafu kuna kawaya kadogo ka kuamsha amplifaya redio inapowashwa. Ukikasahau, sabwufa haitalia kabisa. Ukikaunganisha moja kwa moja na betri, amplifaya italala macho usiku kucha na asubuhi gari halitawaka.

Waya ambao kila mtu huudharau ni ule wa hasi, unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye bodi ya gari. Ni mfupi, haupendezi, hakuna mteja atakayeuona. Lakini umeme wote uliokuja kwa waya mnene lazima urudi, na unarudi kwa njia hiyo. Uwe mnene kama mwenzake. Ukwangue rangi ya bodi kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha ufunge kwa bolti na nati kwenye chuma kinene. Hayo ninayarudia kila mara, na sasa mtaona kwa nini.

Ireri alikuwa mtu wa Mbeere wa makamo, mrefu, mwenye kuvaa koti jeusi hata kwenye joto la kwao Ishiara, mji wa soko ambako mbuzi wenyewe hutafuta kivuli. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kutangaza. Alikuwa na gari dogo la mizigo lenye spika za pembe juu na sabwufa nyuma. Siku ya soko alipiga nyimbo za injili zenye besi nzito ili watu wageuke, kisha akashika kipaza sauti na kusoma matangazo: mazishi, harambee, mbuzi aliyepotea, bei ya ndengu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa inakatika. Wiki kadhaa mfululizo, besi ikianza tu kupiga, kila kitu kilizima, muziki na kipaza sauti pamoja. Mara moja alikuwa akitangaza kwamba mkutano wa wazazi wa kesho asubuhi shuleni umeahirishwa. Sauti ikakatika kabla ya neno la mwisho. Kesho yake wazazi walijaa shuleni, na mwalimu mkuu alikuwa kwake anamwagilia sukumawiki.

Mafundi watatu walikuwa wamelishughulikia gari hilo. Mmoja alibadilisha betri, mwingine amplifaya, wa tatu alibadilisha tena ile amplifaya iliyobadilishwa. Kila mara gari liliimba vizuri hapa Embu, na kila mara lilinyamaza Ishiara. Wafanyabiashara wa soko walikuwa wameanza kumwita mtangazaji mwingine aliyekuwa na gari jipya, na walikuwa wamemwambia Ireri wazi: ukinyamaza siku ya soko ijayo, basi tena. Ndipo akaletwa kwangu.

Ilikuwa saa ya chai, na mafundi wote walikuwa wamekaa kwenye matairi na vikombe mkononi.

"Diploma, hiyo gari achana nayo," Nyaga akasema. "Hiyo iko na pepo ya Mbeere. Hapa inaimba, kule inanyamaza."

"Pepo hana volti," nikamjibu. "Kitu chenye volti kinapimika."

"Na ikikushinda?"

"Haiwezi kunishinda."

"Mimi nimeuliza ikikushinda."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia. Nikasimama, kikombe mkononi, nikasema: "Hii gari ikinyamaza siku ya soko ijayo, nafunga kibanda, nang'oa ubao wangu, narudi Kiirua kupanda viazi."

Yadi ikalipuka. "Mmesikia?" Nyaga akageuka kwa wenzake. "Mmeru amesema kwa mdomo yake mwenyewe! Saa ya chai!"

Kwa wageni niseme kwamba katika yadi yetu neno linalosemwa mbele ya mafundi saa ya chai halirudishwi. Mtu mmoja aliwahi kusema ataacha kuvuta sigara, na tangu siku hiyo tulikuwa tukimnusa kila asubuhi. Kwa hiyo sikushangaa kesho yake nilipokuta matairi yamepangwa mlangoni pangu. Nyaga alikuwa na mpwa wake muuza matairi, aliyekuwa akikitamani kibanda changu tangu nilipokipata.

"Nimeyaweka hapo kidogo tu," huyo mpwa akasema. "Ili siku ukienda, nisihangaike kubeba."

Nyumbani hali haikuwa bora. Habari zilikuwa zimefika kwa Wawira kabla yangu.

"Baba Mwende, umeahidi kwenda Kiirua?"

"Sijaahidi kwenda. Nimeahidi kwamba sitaenda."

"Ukienda utaenda peke yako. Mimi niko na darasa la nne na mtihani."

"Na nguo zangu nani atafua?"

"Viazi haziangalii nguo," akasema, akaendelea kusahihisha vitabu vya wanafunzi.

Nililipima gari la Ireri siku nzima. Niliwasha injini, nikapiga wimbo wenye besi nzito hadi vioo vya kibanda cha jirani vikatetemeka, nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya amplifaya. Kama njia ya kurudi ina ubovu, mita itaonyesha volti hapo kila besi inapopiga. Haikuonyesha chochote cha maana. Kila kitu kilikuwa safi. Na hilo neno, safi, ndilo lililonisimamisha. Gari lilinukia sabuni. Sakafu ya nyuma ilikuwa imefagiliwa na kupigwa deki kama madhabahu. Nikamkumbuka Ustadhi.

"Unaiosha kila mara kabla ya kuileta?" nikamuuliza Ireri.

"Fundi, siwezi kukuletea gari chafu. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Nataka kuinua mbao za sakafu, nione waya wa hasi ulipofungwa."

Akasimama mbele ya mlango wa nyuma upesi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa urefu ule. "Hizo mbao achana nazo. Seremala alizipiga misumari vizuri sana. Ukiinua zitavunjika."

Vipimo vilikuwa vizuri, kwa hiyo sikuwa na haki ya kusisitiza. Nikamuuliza swali jingine. "Kule Ishiara inanyamaza wakati gani?"

"Asubuhi, nikianza tu."

"Na inapona?"

"Jua likipanda inapona yenyewe."

"Jua likipanda kunatokea nini?"

Ireri alikohoa, akavitazama viatu vyake. "Hakuna. Jua tu."

Sikuamini jua. Mtu mwenye diploma anajua kwamba ugonjwa unaotokea mahali pamoja hupimwa mahali pale pale, katika hali ile ile. Nikamwambia nitafika kwake asubuhi ya siku ya soko, tuteremke pamoja kutoka nyumbani. Alikataa kwa maneno mengi ya adabu. Nisijisumbue. Njia ni mbaya. Mke wake ana wageni. Tukutane sokoni. Kadiri alivyokataa ndivyo nilivyozidi kujua kwamba ugonjwa ulikuwa ukipandia gari nyumbani kwake.

Siku ya soko niliondoka mapema na sanduku langu la chuma. Nyaga aliniambia wao watafuata baadaye kwa pikapu, yadi nzima, kuja kushuhudia. Mpwa wake alikuwa ameshapima mlango wa kibanda changu kwa futi.

Ishiara ilikuwa imeanza kuchangamka, magunia ya ndengu yakishushwa, kuku wakilia, na joto likiwa limeshaanza kukaa mabegani. Ireri akafika kutoka kwake. Pembeni, yule mtangazaji mwingine alikuwa ameegesha gari lake jipya, ameegemea mlango, anakula embe taratibu kama mtu anayesubiri kurithi. Mwenyekiti wa wafanyabiashara, Mama Wanja, mama mmoja mnene wa kuuza ndengu, alikuja hadi dirishani kwa Ireri.

"Mzee Ireri, tunakuheshimu. Lakini leo ndiyo ya mwisho."

"Leo itaimba, mama. Niko na fundi wa diploma."

Mama Wanja akanitazama juu hadi chini. "Ndiye yule wa viazi?"

Habari hufika Ishiara haraka kuliko gari.

Ireri akawasha muziki. Kinanda kikaingia vizuri, waimbaji wakaingia, na besi ilipopiga mara ya kwanza, kila kitu kikafa. Taa nyekundu ikawaka kwenye amplifaya. Yule mtangazaji mwingine akaweka embe lake chini. Ireri akajaribu tena, ikafa tena, akauzima muziki na kushika kipaza sauti. Nilikwishaunganisha mita yangu kwa waya mrefu kutoka kwenye hasi ya betri hadi hasi ya amplifaya, na safari hii, kabla ya kila kitu kuzima, mita iliruka hadi karibu volti tatu. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kipimo kibaya. Njia ya kurudi ilikuwa ikivunjika pale pale, mbele ya macho yangu, na Embu haikuwa ikivunjika. Swali lilikuwa: gari la hapa lina nini ambacho gari la Embu halina?

Nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Ireri akaruka kutoka mbele, kipaza sauti bado mkononi, waya wake ukimfuata kama mkia.

"Fundi, hapo nyuma hakuna kitu."

"Basi hutajali nikiangalia hicho ambacho hakipo."

Nikafungua. Juu kulikuwa na majoho ya kwaya yamekunjwa vizuri. Chini ya majoho, blanketi. Nikainua blanketi, nikapigwa na harufu mbichi ya majani. Magunia yalikuwa yamejazana, mazito, yamelowa maji, ya muguka, yale majani ya kutafuna ambayo nusu ya Mbeere huyalima na karibu kila kanisa huyahubiri vibaya. Yalinyunyiziwa maji ili yasinyauke kabla mnunuzi hajafika. Na mnunuzi, mtakuwa mmeshafahamu, alifika jua likipanda.

Ireri alikuwa amenishika mkono. "Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, "ni ya mke wangu. Shamba ni la mke wangu. Watoto wanasoma na hiyo."

Nikashika gunia lililokalia kona, nikalivuta kando. Nyuma ya kiti, taa nyekundu ya amplifaya ikazima, ya kijani ikawaka. Ireri hakuiona. Alikuwa ananitazama mimi machoni, kipaza sauti kifuani pake, akiendelea kunisihi, na safari hii spika zote za pembe zikamsikia:

"TAFADHALI USIMWAMBIE PASTA!"

Soko zima likageuka. Sauti ilikwenda hadi ng'ambo, ikarudi. Ireri akakitazama kipaza sauti kana kwamba kimemuuma.

Mama Wanja ndiye aliyecheka wa kwanza, akashika magoti. "Mzee Ireri! Ati usimwambie pasta? Pasta alijua tangu mwaka jana! Wewe peke yako ndiye hukujua kwamba sisi wote tunajua! Unafikiri sabuni unayoogea inanuka muguka kwa nini?"

"Sabuni yangu hainuki muguka," Ireri akasema kwa unyonge.

"Ndiyo hivyo, basi unanuka wewe!"

Hata yule mtangazaji mwingine alicheka, na hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu kucheka kulinipa nafasi. Nilijua watu wataendelea na jambo hilo kwa muda, nikatumia muda huo. Nilitoa magunia yote, nikang'oa mbao kwa nyundo, na misumari ya yule seremala haikuwa na maajabu yoyote. Chini yake nikakuta ugonjwa umekaa. Fundi wa kwanza kabisa alikuwa amefunga waya wa hasi wa amplifaya na wa kipaza sauti mahali pamoja, kwa skrubu ndogo iliyochomwa kwenye bati jembamba la sakafu, juu ya rangi. Maji ya magunia yalikuwa yamepita kati ya mbao wiki baada ya wiki, na tundu la skrubu limekuwa na kutu na kupanuka. Gunia zito likikaa pale, mbao ziliuminya waya, kichwa chake kikanyanyuka kidogo, kikagusa kwa ukingo tu. Besi ikidai umeme mwingi, njia haitoshi, amplifaya inajifunga. Ukishusha gunia, kichwa kinarudi chini na kinagusa tena. Mzee wa watu alikuwa akiutoa ugonjwa, kuufagia, kuupiga deki kwa sabuni, halafu ndipo anatuletea gari.

Mafundi watatu walikuwa wamebadilisha vitu vizima wakaacha skrubu. Ningeweza kuwalaumu. Lakini nitasema tu kwamba hawakuwa na diploma.

Niliukata ule mwisho uliooza, nikabana kichwa kipya, nikakitafutia mahali kwenye chuma kinene cha fremu ya gari, upande wa juu ambako maji hayafiki. Nikakwangua rangi kwa msasa hadi nikajiona sura. Bolti, nati, na katikati washa, ile pete ya chuma yenye meno, ili visilegee kwa mtikisiko, kisha nikapaka grisi juu ya kiungo kizima. Waya wa kipaza sauti nikaufunga mahali pake peke yake, ili hata siku moja sabwufa ikifa, mtu aweze bado kusema neno la mwisho. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi ndani ya viatu, na watu walikuwa wamejipanga kunizunguka kama kwenye mahubiri ya nje.

"Sasa rudisheni magunia," nikasema.

"Yote?" Ireri akauliza.

"Yote, na wewe ukae juu yake. Mimi pia nitakaa."

Tulikaa juu ya muguka, mzee wa kanisa na mtu wa diploma, bega kwa bega, nikanyoosha mkono na kuwasha. Kinanda kikaingia. Waimbaji wakaingia. Besi ikapiga, ikapiga tena, nikaisikia ikipanda kupitia magunia hadi mgongoni, na taa ilibaki ya kijani. Mita haikutikisika. Mama mmoja wa kuuza nyanya alianza kucheza akiwa ameketi. Yule mtangazaji mwingine alikula embe lake haraka haraka, akafunga mlango wa gari lake jipya.

Miaka iliyofuata mnaijua, mlikuwepo wengi wenu: redio za kioo cha kugusa, nyimbo za kupigwa kwa simu, amplifaya ndogo kama sabuni, na wateja wanaotaka gari liimbe kabla halijajua kutembea. Kwa hiyo nitaishia hapo Ishiara, kwa sababu sijawahi kuwa na siku nyingine nzuri zaidi, na nimekuwa na siku nyingi nzuri.

Pikapu ya yadi ilifika tukiwa bado juu ya magunia. Nyaga akashuka, na mpwa wake, na mafundi wengine watano au sita, wamevaa vizuri kama watu waliokuja kwenye mazishi ya mtu wasiyempenda sana. Walisimama ng'ambo karibu na nyanya. Ireri aliwaona. Akanitazama, akakohoa kusafisha koo, akashika kipaza sauti.

Alianza kwa utaratibu wake. Kuna mbuzi mweusi mwenye doa amepotea. Aliyemwona ampeleke kwa chifu. Kikundi cha akina mama kinakutana leo mchana kanisani, na akasema mchana mara mbili. Ndengu zimepanda. Halafu akanyamaza kidogo, na nikaigeukia taa ya amplifaya, lakini ilikuwa ni yeye tu anavuta pumzi.

"Na tangazo la mwisho," akasema, sauti ikazunguka soko lote na kugonga mabati ya maduka. "Yule Mmeru aliyesema ataenda Kiirua kupanda viazi, haendi. Narudia, haendi. Kibanda chake kiko na mwenyewe. Mwenye matairi aje ayachukue."

Soko likapiga makofi. Mpwa wa Nyaga aliangalia chini. Lakini Nyaga, ambaye hajawahi kushindwa akanyamaza, aliweka mkono sikioni na kupiga kelele kutoka kwenye nyanya:

"Ati nini? Sijasikia vizuri!"

Ireri akanigeukia. Nikapapasa nyuma yangu kati ya magunia hadi nikapata kitufe cha sauti, nikakizungusha mpaka mwisho, naye akarudia: haendi.

Nyaga akasikia.